Uongo Uliosubiriwa: Rangi na Kura za Marekani, 2008

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1982, kura za California zikiwa bado zinahesabiwa, waliokaa mbele ya televisheni waliamini kwamba Tom Bradley ndiye gavana mpya. Bradley alikuwa meya wa Los Angeles tangu 1973, mjukuu wa watumwa aliyezaliwa Texas, akafanya kazi ya polisi kwa miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuingia siasa. Hakuwa mtu wa makelele. Kura za maoni zilikuwa zimemweka mbele kwa muda mrefu, na Mervin Field, mpimaji maoni aliyeheshimika kuliko wote katika jimbo lile, alitangaza usiku ule kwamba Bradley anashinda, kwa kutegemea majibu ya watu waliohojiwa wakitoka vituoni. Hesabu ilipokamilika, George Deukmejian wa Republican alikuwa amempita kwa kura 93,000 hivi, kati ya kura zaidi ya milioni 7.

Maelezo yaliyoshika haraka kuliko mengine yalikuwa mepesi: Wazungu wameongopa. Walimwambia mhojaji wanampigia mtu mweusi ili wasionekane wabaguzi, kisha walipobaki peke yao na karatasi ya kura wakafanya kile ambacho moyo uliwatuma. Maelezo hayo yalipata nguvu kwa sababu mwezi mmoja kabla, Bill Roberts, meneja wa kampeni ya Deukmejian, aliwaambia waandishi wa habari jambo hilohilo: kwamba wapo wapiga kura, labda asilimia tano, wanaoficha wanachofikiri kuhusu rangi. Kauli ile ilimgharimu kazi. Baada ya matokeo ikaonekana kama utabiri, na jambo lenyewe likapewa jina: athari ya Bradley.

Mwaka 1989 ilionekana tena. Douglas Wilder aliwania ugavana wa Virginia, jimbo ambalo mji wake wa Richmond uliwahi kuwa makao makuu ya majimbo yaliyopigana vita ili utumwa udumu. Kura za maoni za mwisho zilimpa nafasi kubwa. Akashinda kwa kura zisizofika 7,000. Mwaka huohuo David Dinkins alichaguliwa meya wa New York akiponea chupuchupu, naye alikuwa ametabiriwa ushindi mnono. Tangu hapo kila mgombea mweusi aliyeongoza katika kura za maoni alisikia onyo lilelile: punguza pointi kadhaa, hao wanakudanganya.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Barack Obama tarehe 10 Februari 2007, alipotangaza kuwania urais mbele ya jengo la zamani la bunge la Illinois, mjini Springfield.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mtu mweusi kujaribu. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika Bunge la Marekani, aliwania tiketi ya Democratic mwaka 1972. Jesse Jackson alijaribu mara mbili, 1984 na 1988, na mara ya pili alipata kura karibu milioni 7 na kushinda hata Michigan. Lakini hakuna aliyedhani kwa dhati kwamba Jackson ataingia Ikulu. Sheria ilikuwa imempa mwanamume mweusi haki ya kupiga kura tangu 1870. Majimbo ya Kusini yakaipokonya haki hiyo kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma na kwa kipigo, hata kufikia 1964 ni watu weusi chini ya 7 katika kila 100 waliokuwa wameandikishwa Mississippi. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Agosti 1965 ndiyo iliyofungua mlango kweli. Shirika la Gallup lilikuwa likiuliza tangu 1958: chama chako kikimsimamisha mtu mweusi mwenye sifa, utampigia kura? Mwaka ule waliosema ndiyo hawakufika asilimia 40. Kufikia 2007 walikuwa asilimia 94.

Asilimia 94! Asiyeamini athari ya Bradley angesema kazi imekwisha. Aliyeiamini angejibu kwamba takwimu hiyo inaonyesha tu jinsi watu walivyojifunza kujibu maswali.

Na walioiamini zaidi walikuwa Wamarekani weusi wenyewe. Jambo hili husahaulika. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2007 kura za maoni zilionyesha Hillary Clinton, mpinzani wake katika kuwania tiketi ya Democratic, akipendwa na weusi kuliko Obama. Wengine walimwona mgeni: baba Mjaluo wa Nyang'oma Kogelo, mama Mzungu wa Kansas, utoto wa Hawaii na Jakarta. Wengine walikuwa na deni la shukrani kwa mumewe Hillary, rais wa zamani Bill Clinton. John Lewis, aliyepasuliwa kichwa na askari kwenye daraja la Selma mwaka 1965 akidai haki ya kura, alikuwa upande wa Clinton. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na hesabu baridi: Wazungu hawatampigia, basi kwa nini tupoteze kura zetu? Mtu mweusi wa South Carolina alikuwa anasubiri kwanza kuona Mzungu wa Iowa atafanya nini.

Iowa ni jimbo la mahindi na nguruwe, na wakati ule zaidi ya watu 9 katika kila 10 walikuwa Wazungu. Mchujo wa Democratic kule haukuwa na kisanduku. Watu walikusanyika jioni kwenye kumbi za shule, makanisa na maktaba. Muda ulipofika, wa Clinton walikwenda pembe hii, wa John Edwards, mgombea mwingine, pembe ile, wa Obama kule, wakahesabiwa vichwa. Kundi lisilofikisha kiwango lilivunjika, na watu wake wakaanza kubembelezwa na majirani wahamie kwao. Hapakuwa na siri yoyote: mwalimu wa mtoto wako alikuona umesimama wapi, na mwenye duka pia. Tarehe 3 Januari 2008 Obama alipata asilimia 38 kule, Edwards 30, Clinton 29.

Wiki hiyo ya Iowa ilikuwa wiki ya moto Kenya. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba, na kuanzia Kisumu hadi Eldoret na mitaa ya Nairobi watu walikuwa wakiuana kwa sababu ya kura na kabila. Kabla ya mapatano ya mwisho wa Februari waliokufa walipita elfu moja. Obama, katikati ya kampeni, alirekodi ujumbe wa redio kuwaomba Wakenya watulie. Ndipo ulipozagaa ule utani wa mitaani, kwamba Mjaluo atakuwa rais wa Marekani kabla ya kuwa rais wa Kenya. Watu waliucheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Wakati vijana wa Kibera walipokuwa wakiulizana lugha za mama zao kwenye vizuizi vya barabarani, wakulima wa Kizungu walikuwa wamesimama kwenye pembe ya mtu ambaye jina lake la kati ni Hussein.

Siku tano baadaye ilikuwa zamu ya New Hampshire. Nalo ni jimbo la Wazungu, lakini huko watu hupiga kura faragha. Wastani wa kura za maoni ulimweka Obama mbele kwa pointi zipatazo nane. Clinton akashinda, 39 kwa 36.

Hebu fikiri wachambuzi walivyolipokea hilo. Wazi, Iowa, mweusi ameshinda; faragha, New Hampshire, ameshindwa. Ilikuwa kama maabara imefunguliwa na jibu limetoka. Jina la Bradley, aliyefariki 1998, lilirudi kwenye kila kituo cha televisheni. Andrew Kohut, mkuu wa kituo cha utafiti cha Pew, alijaribu kutoa maelezo yenye akili zaidi: huenda waliohojiwa hawakuongopa. Huenda Wazungu maskini na wenye elimu ndogo, ambao ndio wenye mtazamo mkali zaidi kuhusu weusi, hukataa kuhojiwa, na kwa hiyo hawamo kwenye takwimu tangu mwanzo. Baadaye chama cha wataalamu wa upimaji maoni kilichunguza na hakikupata ushahidi wa maana wa uongo wa rangi. Wapimaji walikuwa wamefunga madaftari mapema, na wanawake wengi waliamua siku za mwisho, baada ya Clinton kulengwalengwa na machozi mbele ya kamera. Lakini uchunguzi huo ulitoka baada ya uchaguzi. Januari 2008, hofu ndiyo iliyotawala.

South Carolina iliizima kwa muda. Weusi walikuwa wamekwisha kuona Iowa. Tarehe 26 Januari walijitokeza kwa wingi, karibu wanane katika kila kumi wakampigia Obama, akapata asilimia 55 ya kura zote. Bill Clinton aliwakumbusha waandishi kwamba hata Jesse Jackson aliwahi kushinda South Carolina. Kila aliyemsikia alielewa alichokusudia: huyu ni mgombea wa weusi tu. Mwezi uliofuata John Lewis alihama.

Machi zikatoka kanda za mahubiri ya Jeremiah Wright, mchungaji wa Obama kule Chicago, akiilaani Marekani kwa dhambi zake. Obama alijibu Philadelphia tarehe 18 Machi kwa hotuba ndefu kuhusu rangi. Sehemu yake iliyo bora, kwa maoni yangu, si ile ya umoja wa taifa ambayo kila mwanasiasa angeweza kuisoma. Ni pale alipomtaja bibi yake mzaa mama, Mzungu aliyemlea na kumpenda, ambaye aliwahi kukiri kwamba huogopa wanaume weusi wanaompita njiani, na ambaye alikuwa na maneno kuhusu weusi yaliyomfanya mjukuu wake ajikunyate. Mwanamke huyo, Madelyn Dunham, alikuwa akimpenda mtoto mweusi na kuwaogopa watu weusi, vyote kwa pamoja. Hakuna dodoso lenye kisanduku cha kumweka mtu wa namna hiyo, na wapiga kura wa namna yake walikuwa mamilioni.

Ili kuwaona kwa karibu, twende kusini-magharibi mwa Pennsylvania, kwenye mji mdogo wa Nemacolin uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa makaa ya mawe. Ndiko alikotoka Richard Trumka, mtoto wa mchimba makaa aliyepanda hadi kuwa kiongozi wa juu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO. Julai 2008, mbele ya mkutano wa wafanyakazi wa chuma mjini Las Vegas, Trumka alisimulia alivyokutana huko kwao na mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa Democratic tangu Trumka akiwa mtoto wa shule. Akamuuliza atampigia nani. Mama akasema kwenye mchujo anampigia Hillary, na Obama hawezi kumpigia kamwe. Kwa nini? Kwa sababu ni Mwislamu. Trumka akamwambia ni Mkristo kama wewe na mimi, na hata angekuwa Mwislamu ingekuwa nini? Basi, akasema mama, havai beji ya bendera. Trumka akamwonyesha kwamba wao wawili pia hawakuwa wameivaa. Mama akasema tu hamwamini. Kwa nini? Ndipo akashusha sauti: kwa sababu ni mweusi.

Trumka akamwambia atazame pembeni. Mji unakufa, kazi hakuna, watoto wanahama. Huyu hapa mtu atakayetupigania, na wewe unamkataa kwa rangi ya ngozi?

Ajabu ya kisa hicho ni kwamba mama yule hakudanganya. Alizungukazunguka, akatoa sababu za kuazima, lakini jibu la "utampigia nani" alilitoa mwanzo kabisa, bila kuficha. Kilichofichwa kilikuwa sababu. Aliyeuliza swali moja tu angeondoka na takwimu sahihi.

Mei, kwenye mchujo wa West Virginia, watu walikuwa hata hawashushi sauti. Clinton alishinda 67 kwa 26, na mtu mmoja hivi katika kila watano waliohojiwa wakitoka vituoni alisema rangi ilikuwa jambo la maana katika uamuzi wake. Wengi mno wa hao walimpigia Clinton. Wiki iliyofuata Kentucky ikafanya vivyo hivyo. Wachambuzi waliendelea kutafuta ubaguzi uliojificha, na huko milimani watu walikuwa wanautamka mbele ya karani mwenye kalamu.

Hata hivyo Obama alipata tiketi, na Septemba utafiti wa shirika la habari la AP na Yahoo, ulioandaliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Stanford, ulikadiria kwamba chuki ya rangi ingeweza kumpunguzia hadi pointi sita. George W. Bush wa Republican alikuwa amemshinda John Kerry wa Democratic mwaka 2004 kwa pointi mbili na nusu hivi. Wana-Democratic wengi walikosa usingizi.

Kisha tarehe 15 Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka, na watu waliokuwa wakibishana kuhusu beji za bendera wakaanza kutazama akiba zao za uzeeni zikiyeyuka. Uvumi haukukoma. Tarehe 10 Oktoba, Lakeville, Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia John McCain, mgombea wa Republican, kwamba hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alichukua kipaza sauti, akatikisa kichwa, akasema la, huyo ni mtu mwadilifu mwenye familia yake, tunatofautiana kwenye mambo ya msingi tu. Alizomewa na baadhi ya watu wake, na heshima aliyopewa kwa jibu lile aliistahili. Lakini msomaji wa Mombasa au Unguja atabaki kujiuliza tangu lini Uarabu ukawa kinyume cha uadilifu. Siku tisa baadaye jenerali mstaafu Colin Powell, mtu mweusi na mwana-Republican, alimuunga mkono Obama na kulisema lile ambalo McCain hakulisema: na angekuwa Mwislamu, kosa liko wapi?

Oktoba hiyo kilisimuliwa sana kisa kutoka Washington, Pennsylvania, kaunti jirani na nyumbani kwa Trumka. Mfanya kampeni anabisha hodi. Mama mwenye nyumba anaulizwa atampigia nani. Hajui, anamuuliza mumewe aliye ndani. Mume anajibu kwa sauti kwamba wanampigia yule mweusi, ila hakutumia neno "mweusi", alitumia lile tusi la enzi za utumwa. Mke anageuka na kulirudia jibu bila hata kupepesa macho. Siwezi kukithibitisha kisa hicho kwa kiapo, lakini waliopita nyumba kwa nyumba mwaka ule walikitambua mara moja. Mtu anaweza kuwa mbaguzi na bado akamchagua mtu mweusi, kama anahofia nyumba yake kupigwa mnada.

Tarehe 4 Novemba Obama alishinda kwa asilimia 52.9 dhidi ya 45.7, na kura za wajumbe 365 kwa 173. Kura za maoni za mwisho zilikuwa zimempa pengo la pointi saba na ushei. Pengo halisi lilikuwa pointi saba na ushei. Uongo uliosubiriwa kwa miezi ishirini haukutokea. Daniel Hopkins, mtafiti wa Harvard aliyepitia chaguzi za magavana na maseneta tangu 1989, aligundua kwamba pengo kati ya maoni na kura za wagombea weusi lilikuwepo kweli, la pointi mbili au tatu, ila lilitoweka katikati ya miaka ya 1990. Na hata kisa cha Bradley hakikuwa safi: alipata kura nyingi zaidi vituoni, akashindwa kwa kura zilizotumwa kwa posta, ambazo waliohoji watu milangoni hawangeweza kuziona. Lance Tarrance, aliyempimia maoni Deukmejian, aliandika Oktoba 2008 kwamba takwimu zao za ndani zilionyesha mbio zimebana tangu kabla ya siku ya kura.

Ubaguzi ulikuwepo, na kila mwenye ramani aliweza kuuona. Katika mwaka ambao Democratic walipanda karibu kila mahali, palikuwa na ukanda mrefu wa kaunti, kuanzia Oklahoma kupitia Arkansas na Tennessee hadi Kentucky na West Virginia, ambako Obama alipata kura chache kuliko Kerry. Arkansas walimpa Kerry asilimia 45. Wakampa Obama 39. Kwa Wazungu wa Alabama, Kerry alipata 19 katika kila 100, Obama 10. Louisiana waliteremka kutoka 24 hadi 14. Mwanauchumi Seth Stephens-Davidowitz baadaye alipima ni wapi Wamarekani hutafuta zaidi neno la kuwatukana weusi kwenye Google, watu wakiwa peke yao na kompyuta, akalinganisha na kura, akakadiria kwamba chuki ilimpokonya Obama pointi kama nne nchi nzima.

Upande wa pili wa mizani, Wazungu wa Indiana walipanda kutoka 34 kwa Kerry hadi 45 kwa Obama, na jimbo likaenda kwa Democratic mara ya kwanza tangu 1964. Virginia pia, jimbo la Wilder. Weusi walipiga kura kwa kiwango kilichokaribia kabisa kile cha Wazungu, na 95 katika kila 100 walimchagua Obama. Madelyn Dunham hakuyaona hayo. Alifariki Honolulu siku mbili kabla ya uchaguzi. Jesse Jackson aliyaona, akasimama katikati ya umati wa Grant Park, Chicago, machozi yakimtiririka. Kenya, Rais Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko, na waliokuwa wakiviziana Januari wakashangilia pamoja.

Ila lile neno "Marekani imevuka rangi", lililoandikwa sana wiki ile, halikuwa na msingi. Kati ya Wazungu, McCain alimshinda Obama 55 kwa 43. Obama alimzidi Kerry kwa pointi mbili tu kwa Wazungu, katika mwaka ambao uchumi ulikuwa umeporomoka mikononi mwa Republican. Mwaka 2012 asilimia yake kwa Wazungu ilishuka hadi 39, na bado alishinda, kwa sababu wapiga kura wasio Wazungu walikuwa wameongezeka. Mgombea urais wa mwisho wa Democratic kupata kura za Wazungu walio wengi ni Lyndon Johnson, mwaka 1964, mwaka mmoja kabla hajatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Tangu hapo hakuna mwingine, mweupe wala mweusi.